Hina inayodumu bila piko: jibu kwa mchoraji wa Mikindani

Swali la msomaji, kwa ufupi: Nachora maharusi Mikindani, na mara nyingine naitwa Lindi na Newala. Hina ya unga ninayonunua sokoni inatoa rangi ya chungwa, na siku ya nne imeshapauka. Wateja wanataka rangi nzito inayokaa. Piko ni rahisi na inashika ndani ya saa moja, lakini bibi harusi mmoja alitokwa na malengelenge mkononi. Nitumie nini kinachodumu na kisichonimaliza mtaji?

Dada, tumia hina hiyohiyo na uiache piko kabisa. Hina nzuri ikikorogwa sawasawa inatoa hudhurungi iliyoiva, inayokaribia kahawa kwenye viganja na nyayo, na mchoro hukaa wiki moja hadi mbili. Ukiona chungwa inayopauka mapema, mara nyingi moja kati ya mambo manne limekosekana: unga ambao haujazeeka, asidi ya kutosha, muda juu ya ngozi, au joto. Yote manne yanapatikana Mtwara na Lindi kwa fedha kidogo.

Ni vizuri ujue kwanza rangi inakaa wapi, maana hapo ndipo wateja wengi wanapodanganyika. Jani la mhina lina kiini cha rangi kinachoitwa losoni, kiasi cha asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa jani kavu. Losoni hujishika kwenye keratini, protini iliyomo katika tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa. Seli hizo hupukutika kila siku, na ndani ya wiki mbili hadi nne tabaka lote limebadilika. Mchoro wa muda hauwezi kuishi kuliko ngozi iliyoubeba. Mtu akikuuzia kitu cha kupaka tu na kuahidi miezi miwili, ama hajui anachouza au anauza kitu kinachoumiza ngozi hadi ndani. Ndiyo sababu pia viganja na nyayo hukolea kuliko mgongo wa mkono, na mgongo wa mkono kuliko bega: tabaka la seli zilizokufa ni nene zaidi kule, kwa hiyo losoni inapata pa kujishika.

Piko ni dawa ya kutia nywele weusi. Kinacholeta weusi ndani yake ni kemikali iitwayo parafenilendiamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa kwa herufi PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya huiruhusu kwenye rangi za nywele tu, isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na kuipaka kwenye ngozi hairuhusiwi. Mchoraji wa piko hapimi asilimia. Anakoroga unga na maji, mara nyingi bila ile dawa ya pili inayokuja kwenye boksi, kisha anaiacha kwenye ngozi ikauke. PPD ambayo haijaungana na kitu kingine hupenya ngozi kwa wepesi, na mwili unaanza kuitambua kama adui.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mara ya kwanza mtu anaweza asione chochote, au akaanza kuwashwa baada ya wiki moja au mbili, mchoro ukiwa unafutika. Wakati huo mwili unakuwa umeshajifunza. Mara ya pili malengelenge hutoka ndani ya siku moja hadi tatu, yakifuata mistari ya maua uliyochora, na yakipona huacha alama nyeupe au nyeusi kwa miezi mingi, nyingine zisiondoke. Mzio huo haumwachi mtu. Akija kutia nywele dawa nyeusi miaka kumi baadaye, kichwa na uso vinaweza kuvimba. Kwa hiyo kauli ya kwamba "mimi nimepaka piko mara tatu sijadhurika" haimhakikishii mtu chochote kuhusu mara ya nne.

Yule bibi harusi umfikishie maneno haya: aoshe kwa maji na sabuni isiyo kali bila kusugua, asitumbue malengelenge, asipake dawa ya meno wala majivu, aende hospitali na aseme wazi kwamba alipakwa piko. Kwa Mtwara mjini ni Ligula, kwa Lindi ni Sokoine, na kwa walio upande wa Masasi kuna Ndanda. Kuanzia hapo akae mbali na dawa zote nyeusi za nywele, na kila anapokwenda kutibiwa ataje mzio huo, kwa sababu baadhi ya dawa za ganzi za kupaka na dawa za jamii ya salfa zinaweza kumwamshia. Akivimba midomo au macho, au pumzi ikibana, huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa ileile. Na piko uliyobakiza nyumbani isikae karibu na jiko wala watoto, ikimezwa inaua.

Sasa unga. Unao uchaguzi wa aina mbili: kununua, au kutengeneza mwenyewe kutokana na majani.

Ukinunua, usichague kwa pakiti nzuri. Mwaga kijiko cha chai kwenye sahani nyeupe uutazame mchana. Unga mzuri ni wa kijani kilichofifia chenye unjano kidogo, unanuka majani makavu, na ukiusugua kati ya vidole hausikii mchanga. Ukiwa wa kahawia, umezeeka au umekaa juani, na losoni imeshaharibika. Hakuna ndimu itakayoirudisha. Ukiwa wa kijani kikali kama rangi ya kanga mpya, kuna uwezekano umetiwa rangi ili uonekane mpya: loweka kidogo juu ya karatasi ya chooni, na kama maji ya kijani kibichi yanatambaa mbali na unga, uache. Ulioandikwa "hina nyeusi" usiununue kabisa. Hina ya peke yake haina weusi. Weusi huo ni PPD au nili, yaani unga wa majani ya mmea unaotoa rangi ya buluu iliyokolea. Nili kwenye ngozi hupotea baada ya siku chache, na kwa macho huwezi kujua umepata ipi.

Koni zilizokwisha kujazwa zinahitaji tahadhari hiyohiyo. Hina iliyokorogwa ni kama chakula kilichopikwa, huharibika. Koni iliyokaa dukani miezi sita bila friji, ikakupa rangi nzito ndani ya nusu saa na kunuka petroli au dawa ya saluni, ina kitu kingine kinachofanya kazi. Hata uambiwe ni "asilia", hina ya kweli haina haraka hiyo.

Mhina unaota vizuri pwani yetu, huvumilia ukame, na nyumba nyingi wanao uani. Chuma majani ya ncha za matawi, yale machanga yaliyokwisha kukunjuka, maana yana losoni nyingi kuliko yaliyokomaa. Yakaushe kivulini juu ya mkeka au kitambaa, ukiyageuza, kwa siku tatu hadi tano wakati wa kusi, hewa inapokuwa kavu. Usiyaanike juani, hata kama yanakauka kwa saa chache, kwa sababu jua linaunguza rangi unayoitafuta. Mvua ikishaanza, kati ya Novemba na Aprili, majani huota ukungu kabla hayajakauka, kwa hiyo tengeneza akiba yako kuanzia Juni hadi Septemba. Yakivunjika kama biskuti, yatwange, kisha uchekeche kwanza kwa chekeche la unga na baadaye mara mbili kwa kitambaa cha chifoni. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayofanya koni izibe kila baada ya mistari miwili. Unga weka kwenye chombo kisichopitisha hewa, gizani. Kwenye friza unabaki na nguvu zaidi ya mwaka.

Kwa kukoroga, anza na kipimo hiki na ukishike hadi mkono uzoee:

Unga wa hina gramu 100, yaani kikombe cha mililita 250 kilichojaa bila kushindiliwa.
Sukari gramu 20 hadi 30, vijiko vitano hadi saba vya chai.
Juisi ya ndimu au limau iliyochujwa, mililita 250 hadi 300, ikiongezwa kidogo kidogo.
Mafuta ya mkaratusi, lavenda au ti-trii yaliyo safi, mililita 15 hadi 30, ukiweza kuyapata.

Asidi ya ndimu inaifanya losoni itoke polepole na isiharibike haraka. Ukwaju uliolowekwa ukachujwa vizuri unafanya kazi ileile, na msimu wa ndimu ghali ndio wa kuutumia. Kwa mtu mwenye ngozi kavu au iliyochubuka, nusu ndimu na nusu maji yatosha. Chai ya rangi na kahawa, ambazo wengi wanaziamini, hazikolezi mchoro; rangi yake huoshwa siku ya kwanza. Mafuta yenye harufu husaidia losoni kupenya na yanaonekana kwenye matokeo, lakini bila hayo bado utapata rangi nzuri, kwa hiyo usikope fedha kuyanunua. Mafuta ya karafuu yanakoleza kweli ila yanababua. Usiyatie kwenye rojo. Wajawazito na watoto wakubwa wachorwe kwa rojo lisilo na mafuta yoyote ya aina hii.

Tia unga na juisi kwanza, koroga hadi iwe kama viazi vilivyopondwa, funika kwa nailoni iliyogusa rojo lenyewe ili hewa isiingie, na uache. Kwa joto la nyuzi 30 hivi, losoni huwa tayari baada ya saa sita hadi nane. Newala, juu uwandani, mwezi wa Juni na Julai kuna baridi, na rojo lilelile linaweza kutaka usiku mzima na asubuhi yake. Ukilichora mapema utapata chungwa, na utalaumu unga bure. Dalili ya kuwa tayari ni uso wa rojo kugeuka kahawia huku ndani bado kijani. Hakikisha: weka tone kwenye kiganja dakika kumi, futa. Ikibaki chungwa inayong'aa, tia sukari na mafuta, koroga, ongeza juisi hadi rojo lianguke kutoka kwenye kijiko kama utepe mnene, kisha lipitishe kwenye stokingi safi ya nailoni kuondoa vipande.

Kuhusu sukari, zingatia hewa ya pwani. Sukari inalifanya rojo ling'ang'anie ngozi na lisipasuke, lakini pia inanyonya unyevu wa hewani. Wakati wa kaskazi, jasho na unyevu vikiwa vingi Mikindani, gramu 30 zitafanya mistari isikauke, na maua yatavimba na kugusana. Shuka hadi 15. Wakati wa kusi, au ukiwa Masasi na Nachingwea ambako hewa ni kavu zaidi, panda hadi 30, la sivyo rojo litakauka na kubanduka kabla ya saa mbili.

Koni tengeneza kwa karatasi ya nailoni ngumu inayong'aa, ile ya kufungia zawadi. Mifuko laini ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata kabla ya hapo haikufaa, kwa kuwa inalegea mkononi. Kata mstatili wa sentimita 15 kwa 20, sokota kutoka kona, bandika selotepu, jaza gramu 20 hadi 25, kunja juu na ufunge. Tundu lisizidi unene wa pini.

Kwa ngozi ya bibi harusi, mpangilio wa siku ndio unaookoa au kuharibu kazi. Singo yote iishe kabla ya hina. Singo ni kusugua, na kusugua kunaondoa zile seli zilizobeba rangi. Somo akimsinga mwali siku moja baada ya kuchorwa, nusu ya kazi yako imeondoka na liwa na dalia. Kunyoa nako kutangulie siku moja. Muda mfupi kabla ya kuchora, aoshe mikono na miguu kwa sabuni, akauke, asipake losheni wala mafuta ya nazi, maana mafuta yanazuia rojo kugusa ngozi.

Harusi ikiwa Jumamosi, chora Alhamisi. Hina ikibanduliwa huwa chungwa, na hii si kasoro: rangi huendelea kuiva kwa kukutana na hewa, ikifikia kilele baada ya saa 48 hivi. Maharusi wanaochorwa usiku wa kuamkia harusi ndio wanaopiga picha na mikono ya chungwa, kisha wanadai piko. Mweleze mteja hili siku ya kupokea kazi, na ulishikilie.

Ukimaliza kuchora, subiri uso wa mistari ukauke kidogo, kisha gusisha pamba yenye ndimu vijiko viwili na sukari kijiko kimoja. Gusisha tu, usiloweshe. Maji yakizidi rangi inatambaa. Funika kwa karatasi laini ya chooni na plasta ya karatasi, au mvalishe soksi. Nailoni moja kwa moja juu ya ngozi inaleta jasho, na jasho linafuta ncha za maua. Rojo likae saa sita hadi nane, akilala nalo ni bora zaidi. Kati ya saa mbili na saa nane kuna tofauti kubwa ya ukolezi, na hakuna kiungo cha dukani kinachoziba pengo hilo. Mkono uwe na joto. Desturi ya kufukiza mikono juu ya karafuu chache zilizokaangwa bila mafuta ina maana kwa sababu ya joto lake, basi, mradi jiko la mkaa liwe uani au penye hewa. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Rojo libanduliwe kwa mgongo wa kisu na mafuta ya ufuta au ya nazi. Maji yasiguse mchoro kwa saa 12, ikiwezekana 24. Baadaye, kabla ya kila kuoga, ajipake mafuta ya ufuta kidogo. Lindi na Mtwara mafuta haya hayakosekani, na yanazuia sabuni kuilegeza ngozi. Maji ya bahari, dawa ya kufulia nguo nyeupe, mchanga wa kuoshea vyombo na kusugua miguu kwa jiwe ndivyo vinavyofupisha maisha ya mchoro kuliko vyote.

Tahadhari mbili hazina mjadala. Usimpake hina mtoto mchanga wala mtoto mdogo, hata alama ya kiganjani. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kawaida kwenye maeneo ya malaria kama kwetu, na wengi hawajui kuwa nao. Kwao losoni inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu: mtoto anapauka, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mweusi kama koka, kwa siku chache tu. Mtu mzima aliyewahi kuambiwa ana upungufu huo naye asipakwe. Ya pili ni korosho. Kuna vijana wanaojichora kwa utomvu wa ganda la korosho kwa kuwa ni bure na unaacha alama nyeusi. Alama ile ni jeraha la kuungua kwa asidi ya anakadi na kadoli zilizomo kwenye ganda. Na msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, wateja wengi wanakuja na vidole vilivyobabuka kwa kubangua. Ngozi hiyo inabanduka yenyewe, kwa hiyo waambie wasubiri ipone, la sivyo hina itaondoka na magamba.

Wanja, kalamu za maka na rangi za maji za ukutani si mbadala. Wanja hautoboi siku na baadhi yake una madini ya risasi. Hizo nyingine hazikutengenezwa kwa ngozi. Petroli, mafuta ya taa au unga mweusi wa betri ndani ya hina, hata kidogo, hapana.

Kwa upande wa mtaji, hesabu kwa gramu. Kipimo cha gramu 100 za unga kinatoa rojo la gramu 350 hivi, koni 14 au zaidi za gramu 25. Bibi harusi wa mikono hadi kiwiko na miguu hadi juu ya kifundo hutumia koni nne hadi sita. Kwa hiyo pakiti moja ya gramu 100 inahudumia maharusi wawili, na zinabaki koni za wapambe. Jumlisha bei ya unga, ndimu, sukari na nailoni, gawanya kwa koni ulizopata, na utaona kwamba kupanda kutoka unga wa bei ya chini hadi unga mzuri kunaongeza kiasi kidogo mno kwa kila mteja. Rojo likishakuwa tayari lina siku moja ya nguvu kwenye joto letu, mbili ukibahatika. Koni zilizobaki ziingie friza siku hiyohiyo, hukaa miezi kadhaa bila kupungua; ziyeyushe polepole mezani nusu saa kabla ya kuchora, wala usizirudishe friza mara ya pili. Kama huna friza, koroga gramu 50 kwa kila bibi harusi, na usikoroge kabla mteja hajatoa malipo ya awali.